Kukanda Nyayo kwa Ramani: Mwongozo wa Dakika 40 za Kumpumzisha Mtu Nyumbani

Mama yangu alikuwa na kibanda cha chakula, na kwa miaka mingi alisimama jikoni tangu saa kumi na moja alfajiri hadi alasiri. Akirudi nyumbani alikuwa na desturi moja: anavua ndala, ananyoosha miguu mkekani, na yeyote aliye karibu anaitwa. "Njoo unibinye hapa." Sisi watoto tulimbinya kwa zamu, kila mmoja akiomba ya kwake iishe.

Ukubwani nikajifunza refleksolojia, yaani kukanda nyayo kwa kufuata ramani inayodai kwamba kila sehemu ya unyayo ina kiungo chake mwilini. Nikarudi nyumbani na ramani ya nyayo iliyopakwa rangi kama atlasi ya shule, nikamkalisha, nikaanza kutafuta pointi moja baada ya nyingine kwa bidii kubwa. Alivumilia kama dakika kumi. "Mwanangu," akasema, "unanikanda kama unga wa chapati. Una haraka ya kwenda wapi?"

Mengi ya mwongozo huu yametokana na swali lile. Ramani nitakuonyesha, maana inasaidia mikono isipotee njia. Ila atakayelala usingizi mbele yako atalazwa na mwendo wa dole gumba lako.

Ramani imetoka wapi, na ina kazi gani

Pwani watu wamekuwa wakikandana miguu tangu zamani bila ramani yoyote. Kungwi humfundisha mwari, mjukuu humchua bibi kwa mafuta ya nazi, na hakuna anayeuliza figo iko wapi. Hii ya kuchora viungo vya mwili kwenye unyayo imetoka Marekani. Daktari wa masikio, pua na koo aitwaye William Fitzgerald aliugawa mwili katika kanda 10 zinazoshuka kutoka kichwani hadi vidoleni, 5 kila upande, na mwaka 1917 yeye na Edwin Bowers wakatoa kitabu juu ya jambo hilo. Katika miaka ya 1930 Eunice Ingham, mtaalamu wa tiba ya viungo, akaipeleka kazi hiyo miguuni na kuichora sehemu kwa sehemu. Ramani nyingi unazoziona ukutani leo ni wajukuu wa ramani yake.

Kwa ufupi inasema hivi. Mguu wa kulia ni nusu ya kulia ya mwili, wa kushoto ni nusu ya kushoto. Vidole ni kichwa na shingo. Sehemu nene iliyo chini ya vidole, ile unayokanyagia ukichuchumia kufikia kitu cha juu, ni kifua na mapafu. Hapa nitaiita mto wa mbele. Uvungu wa unyayo ni tumbo na vilivyomo: ini lipo mguu wa kulia, sehemu kubwa ya tumbo la chakula ipo wa kushoto. Kisigino ni nyonga. Ukingo wa ndani, kuanzia kidole kikubwa hadi kisigino, ni uti wa mgongo.

Je, ukibonyeza hapo ini linasikia? Mwaka 2009 Edzard Ernst wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, alichambua majaribio 18 ya refleksolojia na hakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba inatibu ugonjwa wowote. Mimi ninayeifanya kila wiki sina ugomvi na hilo. Unyayo una mishipa mingi sana ya fahamu, una mifupa 26 na misuli inayobeba uzito wako mchana kutwa. Mtu akikaa chini dakika 40, simu ikiwa mbali, anapumua taratibu na anashikwa na mtu anayemjali, mwili unalegea. Hiyo inatosha kuwa sababu. Anayekandwa aendelee na vidonge vyake vya presha kama kawaida.

Nani asikandwe leo

Uliza kabla hujagusa, hata kama ni dada yako. Kisha tazama miguu yote miwili kwenye mwanga, pamoja na katikati ya vidole.

Mguu mmoja ukiwa umevimba, una joto na unauma kwenye shavu la mguu, weka mikono chini. Huenda damu imeganda kwenye mshipa, na donge likisukumwa linaweza kusafiri hadi mapafuni. Huyo ni wa hospitali, leo leo.

Mwenye kisukari anahitaji uangalifu wa peke yake. Akishapata ganzi hawezi kukwambia kwamba unamuumiza, wala hasikii maji yanayombabua, na kidonda kidogo kwake kinaweza kuwa safari ndefu. Kama ana ganzi au kidonda, usimkande. Kama hana, mkande kwa mkono mwepesi, usimloweke miguu, na mkague ngozi ukimaliza.

Mjamzito: wakandaji wengi hawamgusi katika miezi mitatu ya kwanza, na baada ya hapo aulize kwanza kwa mkunga wake. Miguu kuvimba kidogo mimba ikiwa kubwa ni kawaida. Lakini akikwambia pia kichwa kinamuuma sana, anaona ukungu, au uso na mikono imevimba, hizo ni dalili za hatari za kifafa cha mimba. Beseni libaki hapo, aende kituo cha afya usiku huo huo.

Wengine ni rahisi kuwakumbuka: mwenye homa, aliyeteguka au kuvunjika karibuni, mwenye jongo lililoamka, mwenye fangasi wabichi kati ya vidole (watahamia kwako). Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anavilia damu upesi, kwa hiyo mpapase tu. Anayetibiwa saratani aongee na daktari wake kwanza.

Vitu na mahali

Beseni, taulo mbili, mito miwili au mitatu, kigoda, khanga kuukuu na mafuta kidogo. Hakuna cha kuagiza.

Mpe saa moja na zaidi tangu ale. Alale chali au aegemee, mto mmoja chini ya kichwa na mwingine chini ya magoti. Magoti yakining'inia hewani misuli ya mapaja haitalegea hata ukande mpaka kesho. Wewe kaa chini kwenye kigoda, nyayo zake ziwe usawa wa kifua chako, ili ukandamize kwa uzito wa mwili. Anayekanda huku ameinama huamka kesho yake akitafuta wa kumkanda yeye.

Kata kucha zako za mikono ziwe fupi kabisa. Nasema hili nikijua uchungu wa waliotengeneza kucha juzi tu, lakini hakuna njia ya kuzunguka.

Maji yawe ya uvuguvugu. Yapime kwa kiwiko, kwa sababu kiganja kilichozoea sufuria kinadanganya. Ukitaka tia gao la chumvi. Dakika 5 hadi 10 zinatosha, halafu kausha vizuri, hasa kati ya vidole.

Kuhusu mafuta, watu wengi huyamimina mapema na mengi. Dole gumba likiteleza haliwezi kutembea. Kanda kwanza kwa mikono mikavu au na poda kidogo, na mafuta yaje mwishoni. Ya nazi yanafaa, ya ufuta yanafaa, hata ya alizeti ya jikoni. Ukipenda harufu ya karafuu au mchaichai, tone moja katika vijiko viwili vya mezani vya mafuta ya nazi. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huchoma ngozi.

Fundisha dole gumba kutembea

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na pafanyie mazoezi siku mbili tatu kabla hujamshika mtu.

Laza mkono wako wa kushoto mezani. Weka dole gumba la kulia juu yake, ukitumia ubavu wa ndani wa ncha, pale pembeni mwa kucha, na vidole vinne vingine vishike kwa chini kama vinavyoshika kikombe. Sasa kunja kiungo cha kwanza cha dole gumba kidogo tu, kisha kinyooshe huku ncha ikisogea mbele kiasi cha punje ya mchele. Kunja, nyoosha. Kunja, nyoosha. Lisirudi nyuma na lisinyanyuke kwenye ngozi. Kama umewahi kumtazama kiwavi akipanda shina la mchungwa, mwendo ni ule ule: anajikunja, anajinyoosha, na hana habari na anayemsubiri.

Mwanzoni utaruka, utaacha mapengo, na baada ya dakika tatu kiungo kitachoka. Punguza nguvu. Nguvu inatoka kwenye mkono mzima na ule mshiko wa vidole vinne. Dole gumba linaongoza tu. Likianza kuuma kwenye shina lake, umekaza mno.

Uzito wa kubonyeza ni ule wa kubonyeza embe sokoni wakati muuzaji anakutazama: unatosha kujua kama limeiva, hautoshi kuacha alama. Mwambie anayekandwa akupe namba kutoka 1 hadi 10, ambapo 10 ni kuruka kitandani. Kaa kwenye 4 au 5. Wapo wanaodai kwamba pasipouma hapasaidii. Waache na imani yao. Anayeng'ata meno hapumziki.

Kipindi chenyewe

Toa dakika 10 za maji, zinabaki 30: kama dakika 13 kila mguu na nne za kufungia. Anza na wa kulia au wa kushoto, shule zinatofautiana, mimi huanza kulia kwa mazoea. Mguu unaosubiri ufunge kwa khanga usipoe.

1. *Shika tu.* Laza viganja juu ya miguu yote miwili na usifanye kitu. Vuta pumzi tatu ndefu. Utasikia miguu inakuwa mizito mikononi mwako. Hapo ndipo mtu anaanza kukukabidhi.

2. *Legeza.* Dakika mbili hivi. Uweke mguu katikati ya viganja na uutikise kushoto kulia upesi upesi, kama unayepepeta kitu chepesi. Kisha shika kisigino kwa mkono mmoja na mto wa mbele kwa mwingine, zungusha kifundo taratibu mara tano kila upande. Maliza kwa kuukamua unyayo kama unavyokamua khanga uliyofua, ila kwa upole: mkono mmoja huku, mwingine kule.

3. *Pumzi.* Chini kidogo ya mto wa mbele, ukishuka moja kwa moja kutoka kati ya kidole cha pili na cha tatu, kuna kishimo. Ukikunja vidole vya mguu kwa nyuma kidogo kitajionyesha. Ramani inapaita makutano ya mishipa ya fahamu yaliyo nyuma ya tumbo. Mwambie avute pumzi huku unabonyeza, atoe huku unalegeza. Mara tatu. Ukiwa na dakika tano tu za kumhudumia mtu, fanya hatua hii na ya kwanza.

4. *Mistari mitano.* Mkono mmoja ushikilie vidole visicheze. Dole gumba lianze ukingoni mwa kisigino, litembee kama kiwavi hadi chini ya kidole kikubwa. Rudi chini, shika mstari wa kidole cha pili, na uendelee hivyo hadi kile kidogo. Hizi ndizo kanda tano za Fitzgerald. Usiruke uvungu kwa sababu ni laini, ila punguza uzito hapo. Mtu mwenye kutekenyeka utamwona anakunja vidole. Kutekenywa hutokana na mguso mwepesi mno, kwa hiyo tumia dole gumba zima badala ya ncha.

Njiani utakutana na mahali penye kama punje za mchanga chini ya ngozi, au panapouma kuliko pengine. Pakandamize hapo kwa pumzi mbili, lakini funga mdomo. Mchuaji mmoja aliwahi kunibinya katikati ya unyayo, nikaruka, akaniambia figo zangu zimechoka, kisha akafungua droo na kutoa dawa ya unga. Wiki ile nilikuwa natembea na viatu vipya.

5. *Vidole.* Kimoja kimoja, dole gumba lipande kutoka shinani hadi nchani kwa nyuma na pembeni. Kizungushe mara mbili kila upande. Usikivute hadi kilie. Kidole kikubwa kipe muda mara mbili ya vingine, ndicho kinachosukuma mwili mbele kila hatua.

6. *Ukingo wa ndani.* Kutoka kisigino hadi kidole kikubwa, ukifuata mfupa, polepole kuliko kote. Sijui nimemkanda nani ambaye hakupumua kwa kishindo hapa. Mama alikuwa anasema neno moja tu: "Hapo."

7. *Kisigino.* Ngozi ni nene na pengine ina magaga, dole gumba halifiki. Kunja ngumi uzungushe kwa vifundo vya vidole. Magaga yaliyopasuka hadi yanatoa damu yaruke.

8. *Juu ya mguu.* Kwa ncha za vidole, teremka katika mifereji iliyo kati ya mifupa, kuanzia vidoleni kuelekea kifundoni. Hapa hakuna nyama, kwa hiyo uzito wa 2 au 3. Zunguka kifundo nje na ndani.

9. *Mafuta.* Sasa chukua kijiko kimoja, yapashe viganjani, na mpake kwa mapana kutoka vidoleni hadi juu ya kifundo. Mara sita au saba, kila mara polepole zaidi ya iliyopita. Funga kwa khanga, hamia mguu wa pili.

Miguu yote miwili ikishakwisha, rudi kwenye kile kishimo cha hatua ya tatu, madole gumba mawili kwa pamoja, pumzi tatu. Kisha laza viganja kama ulivyoanza na uondoe mikono bila kumshtua.

Muda wote huo usipige soga. Akitaka kuongea muitikie, lakini usimtafutie maneno.

Baada ya hapo

Mwache kama dakika 10. Kabla hajainuka, pangusa mafuta nyayoni kwa taulo kavu. Nyayo zenye mafuta juu ya vigae ni ajali inayosubiri, na mtu aliyetoka kulegea hana mguu wa kujizuia. Mzee ainuke akiwa ameshikwa.

Mpe maji akiwa na kiu. Yale maelezo ya kunywa lita nyingi "ili sumu itoke" hayana msingi. Kazi hiyo inafanywa na ini na figo usiku na mchana bila kungoja kukandwa. Na kwenye maonesho ya biashara ukiona beseni lenye waya za umeme, maji ya chumvi yanageuka kahawia mtu akitia miguu na muuzaji anasema hizo ni taka za mwili, ujue ni kutu. Umeme kwenye maji ya chumvi hula chuma cha kifaa. Liwashwe beseni bila miguu ndani, maji yatabadilika vile vile.

Mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Ikiwa usingizi ndio tatizo, kanda usiku kitanda kikiwa tayari, taa imepunguzwa, ili asilazimike kutembea baadaye.

Ukiwa peke yako

Kujikanda unyayo kunataka kiuno kinachokunjika, na wengi wetu hatunacho tena. Kaa kwenye kiti, weka chupa ya soda sakafuni kwa ubavu, na uisukume kwa unyayo mbele na nyuma dakika tatu kila mguu. Walinzi, walimu na mama ntilie wanaoamka na kisigino kinachochoma hatua za kwanza za asubuhi, wajaze maji kwenye chupa ya plastiki, waigandishe, waifunge kitambaa na kuviringisha hivyo hivyo. Kikiendelea kuuma wiki kadhaa, kipelekwe kwa daktari.

Ndani ya daladala tumia kiganja. Ramani ipo na huko, lakini huna haja nayo. Tembeza dole gumba kutoka kwenye kifundo cha mkono kuelekea kila kidole, mistari mitano, kisha bonyeza katikati ya kiganja kwa pumzi tatu. Hakuna atakayegeuka kukutazama.

Ukienda kulipia

Tanzania lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002, linalosajili watoa huduma wa aina hii na vituo vyao. Muulize mkandaji cheti chake bila aibu. Mimi hutazama mambo mengine mapema zaidi: kama ananawa mikono, kama taulo imebadilishwa tangu mteja aliyetoka, na kama swali lake la kwanza ni la afya yangu au la kifurushi nitakacholipia. Akinitajia ugonjwa baada ya kunibonyeza, namshukuru na kuvaa viatu.

Na zile khanga za mafuta zifue siku hiyo hiyo kwa maji ya moto na sabuni nyingi. Zikilala, harufu ya nazi iliyochacha haitoki tena, na mama hataki kuzisikia karibu na miguu yake.